Barua ya wazi kwa magavana wa benki kuu na wasimamizi wa masoko: riba ikipanda asilimia 1, kipande chetu kinashuka kiasi gani?

Kwa magavana wa benki kuu, wakuu wa mamlaka za masoko ya mitaji, na mameneja wa mifuko ya uwekezaji wa pamoja

YAH: NAMBA MOJA INAYOKOSEKANA KWENYE KARATASI YA MFUKO

Waheshimiwa,

Mtu anayetaka kuweka akiba yake kwenye mfuko wa hatifungani, yaani mfuko unaonunua hati za mikopo ya serikali na kampuni, hupewa karatasi ya kurasa mbili. Juu imeandikwa faida ya mwaka uliopita kwa herufi nene. Chini kabisa, kwa herufi za kutafutia miwani, imeandikwa kwamba faida iliyopita haitoi hakikisho la faida ijayo. Kati ya hapo na pale pamejaa picha za watu wanaocheka. Jambo analolihitaji kuliko yote halipo: riba ikipanda kwa asilimia 1, thamani ya kipande chake, yaani sehemu yake ya mfuko, itashuka kwa kiasi gani?

Namba hiyo ipo. Meneja wa mfuko anayo kwenye kompyuta yake, na hawezi kuendesha mfuko wa hatifungani hata wiki moja bila kuijua. Tunachoomba ni kwamba namba hiyo itoke kwa meneja ije kwa mwenye fedha, na kwamba benki kuu nazo ziseme mapema, kwa maneno yanayoeleweka, ni nini kitakachozifanya zipandishe riba au zishushe. Mengine yote tunayoyadai humu yametokana na hayo mawili.

Tuanze na hesabu, kwa sababu tumechoka kuambiwa kwamba mwananchi wa kawaida hataielewa. Chukua hatifungani inayolipa kuponi, yaani riba yake ya kila mwaka, ya asilimia 10, iliyonunuliwa kwa 100. Kesho yake riba sokoni inakuwa asilimia 11. Hakuna atakayetoa 100 kwa karatasi inayozaa 10 wakati karatasi mpya zinazaa 11, kwa hiyo bei ya ile ya zamani lazima ishuke mpaka mnunuzi aone zinalingana. Ikiwa imebakiza miaka 2, itashuka hadi 98.29. Ikiwa imebakiza miaka 10, itafika 94.11. Ya miaka 20 itakuwa 92.04. Na ile ya miaka 20 isiyolipa kuponi yoyote, ambayo hulipa kila kitu siku ya mwisho, itapoteza asilimia 16.6 ya bei yake kwa badiliko hilohilo moja. Zote nne zimetolewa na serikali ileile, zote zitalipwa kikamilifu zikiiva, na zote kwenye matangazo huitwa "salama".

Wataalamu huiita namba hii dureshoni. Sisi tungeridhika ikiitwa "unyeti wa riba", mradi iandikwe. Mfuko wenye namba 1.7 na mfuko wenye namba 8 ni vitu viwili tofauti kabisa, hata kama vyote vina neno "hatifungani" kwenye jina. Mwenye kuhitaji fedha zake baada ya mwaka mmoja hana shughuli na mfuko wa namba 6. Lakini yule anayeweka kwa miaka 10 anaweza hata kunufaika riba ikipanda, kwa sababu kuponi zinazoingia hununua hatifungani mpya zenye riba kubwa zaidi, na baada ya muda ongezeko hilo hufidia bei iliyoshuka. Kwa hiyo kabla ya kuuliza mfuko gani umelipa zaidi mwaka jana, mtu anapaswa kupima muda wake dhidi ya namba hii. Hawezi kupima dhidi ya kitu asichokiona.

Mwaka 2022 ulitoa somo hili kwa gharama kubwa. Benki kuu ya Marekani, ambayo riba yake ilikuwa kati ya 0 na asilimia 0.25 mwanzoni mwa Machi 2022, ilipandisha mara 11 hadi kufikia asilimia 5.25 hadi 5.50 Julai 2023. Fahirisi kuu ya hatifungani za nchi hiyo, yaani kipimo cha mwenendo wa soko zima, ile ya Bloomberg, ilipoteza karibu asilimia 13 katika mwaka 2022 peke yake. Fahirisi hiyo ilikuwa na unyeti wa zaidi ya 6 mwaka ulipoanza, na riba iliyoanzia chini kiasi kile haikuwa na kuponi za kutosha kuziba pengo. Aliyeijua namba hiyo alijua pia kwamba hasara ya tarakimu mbili ni kitu kinachowezekana. Wengi waliokuwa humo hawakuijua. Waliingia kwa sababu wameambiwa hatifungani ni mahali pa kujikinga na misukosuko ya hisa.

Na hisa zenyewe zilishuka mwaka huohuo. S&P 500, fahirisi ya hisa za kampuni kubwa za Marekani, gawio (faida inayogawiwa wenye hisa) likiwa limehesabiwa, ilipoteza karibu asilimia 18. Ule ushauri wa kuchanganya hisa na hatifungani ili kimoja kikianguka kingine kikushike ulishindwa, na sababu yake ni rahisi kueleza kuliko washauri wengi wanavyotaka ionekane. Mchanganyiko huo hufanya kazi pale tatizo linapokuwa uchumi kudorora: faida za kampuni zinashuka, benki kuu inapunguza riba, bei za hatifungani zinapanda. Tatizo likiwa mfumuko wa bei, benki kuu inapandisha riba, na riba ndiyo kipimo kinachotumika kuthamini vyote viwili.

Mfano mfupi wa upande wa hisa. Kampuni itatoa gawio la 5 mwaka ujao, gawio linakua kwa asilimia 5 kila mwaka, na wawekezaji wanadai mapato ya asilimia 13. Thamani ya hisa ni 5 kugawanywa kwa 0.08 (asilimia 13 kutoa 5), yaani 62.50. Riba ikapanda, wawekezaji wakadai 14: thamani inakuwa 55.56, imeshuka asilimia 11. Kampuni nyingine yenye gawio hilohilo inayotarajiwa kukua kwa asilimia 8 itatoka 100 hadi 83.33. Ile iliyoahidi makubwa ya mbeleni ndiyo iliyoumia zaidi, kama ilivyoumia hatifungani isiyo na kuponi, na kwa sababu ileile: fedha zake nyingi ziko mbali. Kwenye hisa makadirio haya ni ya kubahatisha zaidi, hatukatai, na ndiyo maana hatudai namba hii kwenye mifuko ya hisa. Huko tungetosheka na sentensi moja inayosema ni sehemu gani ya mfuko iko kwenye kampuni zenye madeni ya riba inayobadilika.

Sasa upande wa benki kuu.

Hatuwalaumu magavana kwa kukosea utabiri. Desemba 2021 makadirio ya kati ya maofisa wa benki kuu ya Marekani yalikuwa kwamba riba yao itakuwa asilimia 0.9 mwishoni mwa 2022. Ikaishia kati ya 4.25 na 4.50. Kukosea kupo. Tunachokilalamikia ni utabiri unaotolewa kwa tarehe badala ya masharti. Benki kuu ya Australia ilirudia kwa muda mrefu kwamba haitarajii kupandisha riba hadi 2024. Ndani ya kauli hiyo mlikuwa na masharti kuhusu mfumuko wa bei na mishahara, ila kilichofika mitaani ni mwaka tu. Ilipandisha Mei 2022, na Novemba ya mwaka huo gavana Philip Lowe aliomba radhi kwa waliokopa kwa kuitegemea kauli ile. Kuomba radhi kulikuwa uungwana. Lakini kosa lilikuwa kwenye muundo wa ujumbe, na muundo unaweza kurekebishwa.

Unarekebishwa hivi. Taarifa ya kamati ya sera ya fedha itaje vitu vitatu au vinne inavyovitazama, kila kimoja na kiwango chake: mfumuko wa bei usiohesabu chakula na nishati, kasi ya mikopo, thamani ya sarafu, ajira. Kisha iseme: vikikaa hapa, tutatulia, vikivuka hapa, tutapandisha, vikishuka hapa, tutapunguza. Isitaje tarehe. Pamoja na hayo itolewe njia ya riba inayotarajiwa, ikiwa na mpaka wa juu na wa chini, na angalau hali moja mbadala: mafuta yakipanda ghafla, njia itakuwa ipi? New Zealand huchapisha njia hiyo tangu 1997, Norway tangu 2005 na Sweden tangu 2007. Masoko yao hayajabomoka. Na anayeona hata hilo ni uwazi uliopitiliza akumbuke kwamba kabla ya Februari 1994 benki kuu ya Marekani haikuwa na desturi hata ya kutangaza kwamba imebadilisha riba. Watu walikuwa wakiotea kwa kuangalia miamala yake.

Tunakubali jambo moja: kuna maamuzi ambayo hayawezi kutangazwa mapema. Uswisi ilipoondoa kikomo cha faranga 1.20 kwa yuro moja tarehe 15 Januari 2015, onyo la siku moja tu lingewapa walanguzi karamu. Hilo tunalielewa. Ila tungeomba kiongozi asitoke hadharani siku chache kabla kuapa kwamba jambo hilo halitafanyika. Kunyamaza kunatosha.

Tugeukie sasa linalotuuma zaidi, ambalo watu wachache huligusa: namna vipande vinavyothaminiwa.

Mfuko unaweza kuandika hatifungani zake kwa bei ya soko ya siku hiyo, au kwa gharama ya ununuzi pamoja na riba iliyokwisha kuzaliwa. Njia ya pili ina sura nzuri. Thamani ya kipande hupanda kidogo kila siku kama ngazi, haishuki kamwe, na tangazo linapendeza. Riba ikipanda, hasara ipo palepale, imefichwa tu kwenye daftari. Na hasara iliyofichwa ina tabia moja mbaya: huhama kutoka kwa anayetoka kwenda kwa anayebaki.

Hesabu yake ni hii. Mfuko una vipande 100, na mali yake yote ni ile hatifungani ya miaka 10 yenye kuponi ya 10. Riba imepanda hadi asilimia 12, kwa hiyo bei halisi ni 88.70 kwa kila 100. Mfuko unaendelea kuandika kila kipande ni 100. Wenye vipande 30, wale wenye kufuatilia, wanaomba fedha zao na kulipwa 100 kila mmoja. Ili kuwalipa, mfuko unauza mali kwa bei halisi. Mali ilikuwa na thamani ya 8,870, zimetoka 3,000, zimebaki 5,870 kwa vipande 70. Kila aliyebaki sasa ana 83.86. Hasara yake, ambayo ingekuwa asilimia 11.3 kama wote wangepimwa kwa mizani moja, imekuwa asilimia 16.1. Waliotoka hawakupoteza hata senti. Waliobaki ni kina nani? Kwa kawaida ni wadogo, walioko mbali, waliojiunga kwa simu na kuambiwa wasiwe na wasiwasi.

Wengine wataona tunatisha watu bure. Reserve Primary Fund ya Marekani, mfuko wa soko la fedha ulioahidi dola moja kwa kila kipande, ulikuwa na karatasi za Lehman Brothers za dola milioni 785 benki hiyo ilipofilisika Septemba 2008. Tarehe 16 mwezi huo kipande kikatangazwa kuwa senti 97, malipo yakasimamishwa, na waliobaki wakasubiri kulipwa kwa awamu. Silicon Valley Bank ya Marekani haikuwa mfuko, lakini ugonjwa ulikuwa uleule: hatifungani ndefu zilizoandikwa kwa gharama kwa hoja kwamba zitashikwa hadi ziive, huku bei zake sokoni zimeanguka. Wateja walipoanza kuondoka, mabilioni 42 ya dola yaliombwa kwa siku moja, 9 Machi 2023, na siku iliyofuata benki ikafungwa.

Kwa hiyo tunaziomba mamlaka za masoko ziweke mambo haya kwenye kanuni. Kila mfuko unaotumia bei ya gharama uchapishe, angalau kila wiki, bei ya kivuli, yaani kipande kingekuwa na thamani gani kwa bei za soko. Tofauti ikizidi asilimia 0.5, mfuko ulazimike kuhamia bei ya soko siku hiyohiyo bila kusubiri kikao cha bodi. Mfuko wenye hatifungani za zaidi ya mwaka mmoja usiruhusiwe kabisa kutumia bei ya gharama. Na watu wengi wanapotoka kwa mkupuo, bei ya kutokea ipunguzwe kwa kiasi cha gharama ya kuuza mali, ili anayeondoka abebe gharama ya kuondoka kwake. Hilo la mwisho halipendwi na mameneja kwa sababu linapunguza mvuto wa "toa fedha zako wakati wowote". Basi waache kuahidi wakati wowote kwa mali ambayo haiuziki wakati wowote.

Kizuizi kimoja tunakijua: soko lisilo na miamala ya kutosha halina bei ya kuaminika. Hapo ndipo benki kuu inapoingia tena. Inaona minada yote na, mara nyingi, miamala yote baada ya mnada. Ichapishe kila jioni mavuno ya hatifungani, yaani riba anayoipata mnunuzi kwa bei ya siku hiyo, kwa kila muda, miezi 3 hadi miaka mingi kadiri zilivyopo, pamoja na kiasi kilichouzwa ili msomaji ajue kama bei imetokana na miamala 40 au mmoja. Itolewe bure, kwenye faili linalopakuliwa, wala isiwe picha iliyoskaniwa. Bila mkunjo huo wa riba, yaani mavuno hayo yakipangwa kwa muda, hakuna mkaguzi anayeweza kumwambia meneja kwamba bei yake ni ya kubuni.

Kuhusu matangazo tutasema kwa ufupi, maana makosa yake yanajulikana na yanaendelea tu kwa kuwa hakuna anayetozwa faini. Faida ya siku moja nzuri huzidishwa kwa 365 na kutangazwa kama faida ya mwaka. Wastani hupigwa kwa kujumlisha na kugawa, ambapo mfuko ulioanguka asilimia 50 na kupanda asilimia 50 huonekana haujapoteza, wakati 100 imekuwa 75. Mifuko iliyofungwa hufutwa kwenye orodha, kwa hiyo iliyobaki yote inaonekana hodari. Na hila tunayoiona ya kijanja kuliko zote ni kulinganisha mfuko wa hisa na fahirisi isiyohesabu gawio. Kampuni zikilipa gawio la asilimia 4 kwa mwaka, mfuko unaojisifu kuipita fahirisi hiyo kwa asilimia 3 kwa kweli umeachwa nyuma kwa 1, na mwenye kipande amelipia ada kwa huduma hiyo. Mfuko unaofuata fahirisi bila kuchagua hisa ungempa zaidi kwa bei ndogo.

Ada zenyewe ziandikwe kwa fedha. Milioni 1 ikikua kwa asilimia 8 kwa miaka 30 inakuwa milioni 10.06. Ada ya asilimia 0.5 kwa mwaka inaiacha kwenye milioni 8.75; ada ya asilimia 2 inaiacha kwenye 5.74. "Asilimia 2" husomeka kama kitu kidogo, nayo imekula zaidi ya mara 4 ya mtaji wa kuanzia. Umoja wa Ulaya unadai gharama zionyeshwe kwa kiasi cha fedha pia tangu Januari 2018, na Marekani huzidai kwa mfano wa dola 10,000 kwenye waraka wa kila mfuko. Programu ya kufanya hesabu hii inatoshea kwenye jedwali la kawaida la kompyuta.

Na faida iandikwe baada ya kila kitu. Mfuko umepata asilimia 14. Ada ya 2 inabakisha 12. Kodi, tuseme 15 kwa kila 100 ya riba, inabakisha 10.2; mfumuko wa bei wa asilimia 7 unabakisha 3.0 ya uwezo wa kununua. Tangazo litasema 14. Mwekezaji anaishi na 3.

Mwisho kuna suala la mlango wa kuingilia. Benki kuu ikipandisha riba, benki za biashara hupandisha riba ya mikopo upesi na riba ya akiba polepole, na tofauti inayobaki kati ni mapato yao. Dawa yake ni kumruhusu mtu mdogo anunue dhamana za serikali moja kwa moja. Brazil ilifungua mlango huo mwaka 2002 kwa Tesouro Direto, na India Novemba 2021 kupitia benki kuu yake. Mambo manne huua mipango ya aina hii: kima cha chini kilichowekwa juu mno, usajili unaodai mtu afike ofisini, zabuni ndogo kulazimishwa kutaja bei badala ya kupokea bei ya mnada, na kukosekana kwa pa kuuzia kabla hatifungani haijaiva. La nne ndilo husahaulika. Mtu anayepatwa na dharura mwaka wa tatu wa hatifungani ya miaka 10 hujikuta mbele ya mnunuzi mmoja anayejitajia bei. Wizara ya fedha au benki kuu ijitolee kununua tena, siku moja kila wiki, kwa bei ya mkunjo wa riba ikipunguzwa kwa kiasi kilichotangazwa mapema.

Hatuombi riba ishushwe ili hisa zetu zipande. Hatuombi kufidiwa hasara. Benki kuu inayotazama fahirisi ya soko la hisa kabla ya kuamua riba itakuwa imetudhuru hata siku ile inayotupendelea.

Kwa mameneja wasiotaka kusubiri kanuni, maneno ya juu ya karatasi yanaweza kuwa haya, na yanaweza kuchapishwa mwezi ujao: "Riba sokoni ikipanda kwa asilimia 1, thamani ya kipande itashuka kwa karibu asilimia 5.9. Usiweke humu fedha unazozihitaji kabla ya miaka 6. Kwa kila 1,000,000 uliyoweka, mwaka jana tulikutoza 20,000. Bei ya kipande leo ni 100.00, kwa bei za soko ni 99.62."

Wenu,

Wawekezaji binafsi